Gunia, sanamu au shamba la minazi: ujifue vipi na upinde wa jadi kabla ya msimu wa kulungu

Ukiwa mkaazi wa Mombasa na jamaa zako wa Ohio au Pennsylvania wamekualika kuwinda kulungu kwa upinde, muda wako wa kujifua ni miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Majimbo mengi ya Marekani hufungua msimu wa upinde kati ya Septemba na mapema Oktoba, kabla ya wenye bunduki kuruhusiwa kwa wingi. Njia za kujifua zinazosemwa sana ni tatu: gunia uani, sanamu ya mnyama iliyotengenezwa kwa povu, na kutembea shambani na mishale butu. Wapo pia wanaopanda juu ya paa la nyumba, na hao nitawafikia.

Wengi huchagua kwa kuangalia mfuko au nafasi waliyo nayo. Mimi naangalia jambo jingine: mshale wako wa kwanza wa siku, uliopigwa ukiwa umekaa vibaya na mwili haujapata moto, unaingia wapi? Aghalabu kulungu hakupi wa pili. Njia inayoujenga mshale huo ndiyo yenye thamani, hata kama haina sura ya kupiga picha.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 humshika anayewinda kwa burudani na anayewinda kwa kitoweo vilevile. Kwa hiyo kila ninachosema hapa ni cha gunia, povu na magogo. Si digidigi, si kanga, wala si hawa kunguru wa mjini ambao kila mtu anatamani wapungue. Usisogelee hifadhi ya Shimba Hills wala msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa na podo begani. Huo wa pili ni makao ya paa nunga, mnyama aliye hatarini kutoweka, na askari atakayekukuta hapo hatakuwa na hamu ya kusikia habari za safari yako ya Marekani.

Unachojifulia hasa

Upinde wa jadi, uwe wa mti mmoja, wa mbao zilizogandishwa au ule wa ncha zilizopindwa kwa mbele, hauna kioo cha kulengea wala magurudumu ya kukupunguzia uzito. Mshale wake huenda kama mita 50 hadi 57 kwa sekunde. Sauti huenda mita 340. Kulungu akiwa mita 18 mbele yako, mlio wa upote unamfikia kwa sehemu ndogo tu ya muda ambao mshale unahitaji kufika, na yeye akisikia mlio hujikunja miguu tayari kuruka, kwa hiyo mgongo unashuka. Ndiyo maana wawindaji wengi wa upinde wa jadi hawapigi zaidi ya mita 18 au 20, na wengine hungoja mpaka mita 12. Ndiyo maana pia upote hufungwa vishada vya sufu, kuunyamazisha.

Waata wa nyika ya Galana, waliosifika kwa pinde nzito na mishale ya sumu enzi za kuwinda ndovu, hawakupata sifa kwa kupiga mbali. Walijua kunyemelea hadi karibu. Hilo likae kichwani unapoona vijana mtandaoni wakipiga mita 60.

Sehemu ya kuua, yaani mapafu na moyo, kwa kulungu mkia-mweupe aliyekomaa ni duara la sentimita 20 hadi 25 hivi, nyuma tu ya mguu wa mbele. Ukikosea makadirio, ukadhani yuko mita 18 kumbe yuko 23, mshale wa mwendo wa mita 53 kwa sekunde utaingia karibu sentimita 20 chini ya ulipokusudia. Hapo umeshatoka kwenye duara. Mita tano tu, ambazo kwa macho ya mtu wa mjini ni hapa na pale.

Asiyejua mapafu yanakaa wapi asihangaike na michoro. Aende kwa muuza nyama anayemjua, aombe aoneshwe mbuzi mzima kabla ya kukatwa vipande. Mpangilio wa ndani wa mbuzi na kulungu unafanana sana, na ukishaona kwa jicho lako jinsi bega linavyoficha sehemu ya mapafu, utaelewa kwa nini mnyama aliyekuelekea kifua hapigwi.

Gunia uani

Hii ndiyo njia ya kila mtu na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Unachukua gunia kubwa la kilo 90, unalijaza matambara ya mitumba mpaka linakuwa gumu, unalishona mdomo. Kwenye soko la Kongowea hukosi matambara yasiyouzika tena, na muuzaji atashukuru umempunguzia takataka. Toa vifungo na zipu zote kwanza, maana mshale ukigonga zipu ya jinzi utaharibika kichwa, na wa mbao utapasuka. Usijaze povu la godoro. Mshale hupita ndani yake kama hakuna kitu. Makumbi ya nazi yanafaa kuchanganya chini ili gunia lisimame, lakini yakiwa peke yake yanaacha mianya.

Watu wengi hulisimamisha gunia ukutani, wakachora duara jekundu katikati, wakasimama mita 10 na kupiga mishale sita, kisha sita mingine. Kwa wiki za mwanzo hiyo ni sawa. Unajenga mkono, unajifunza kuvuta hadi pembe ya mdomo kila mara bila kubadilisha, unajifunza kuachia bila kutingisha. Lakini ukifika Agosti bado unapiga sita sita kwenye duara jekundu, unajidanganya. Mshale wa nne unafika pazuri kwa sababu watatu wa kwanza wamekuonesha njia. Porini hakuna wa kukuonesha.

Sasa lilaze gunia lilelile kwa ubavu juu ya vibao viwili, tumbo lake liwe kama nusu mita juu ya ardhi. Tazama ulichopata. Kulungu aliyekomaa kifua chake toka mgongoni hadi chini ni sentimita 40 hadi 45, na gunia lililolazwa halitofautiani sana na hapo kwa unene. Futa duara jekundu. Usichore kitu. Sasa lazima jicho lichague doa lenyewe, uzi uliochomoza, kiraka, mahali gunia lilipokunjamana, na kulishikilia mpaka mshale umefika. Hilo peke yake ni nusu ya kazi ya kupiga bila kioo cha kulengea, na duara jekundu linakunyima.

Kisha badilisha mwili. Kaa kwenye kigoda. Piga goti. Geuza miguu upande usiopenda. Nenda nyuma ya mlango, upige kupitia nafasi ndogo. Kaa kimya nusu saa bila simu, halafu simama taratibu upige mshale mmoja, uweke upinde, uingie ndani ukanywe chai. Kesho yake tena. Zoezi hili la mshale mmoja wa baridi halina raha yoyote, na kwa maoni yangu halishindwi na kitu kingine chochote kwenye makala hii. Anayepiga mishale sitini Jumamosi kisha akapumzika mpaka Jumamosi nyingine hajui mshale wake wa kwanza ukoje, kwa kuwa hakuwahi kuutazama ukiwa peke yake.

Liko jambo jingine ambalo wa Mombasa tunalisahau: nguo. Mwezi wa kumi na moja Pennsylvania utavaa koti nene, na mkono wa koti ndio unaokamatwa na upote. Makoti ya baridi Kongowea hayana mnunuzi wa haraka, utalipata kwa bei ya mzaha. Livae alfajiri kabla jua halijapanda, pamoja na glavu utakazosafiri nazo, upige mishale michache. Majirani watakuona umechanganyikiwa. Waache. Utakachogundua ni kwamba kifua kimeongezeka unene, upote unagusa nguo, na unahitaji kifunga mkono kirefu au kuelekeza upinde pembeni kidogo. Bora ulijue hapa kuliko kulijua kule.

Udhaifu wa gunia ni mwingine kabisa. Uwanja ni uleule na umbali ni uleule. Hata ukijitahidi kubadilisha, jicho linaujua ua wako: mwembe uko mita 12, pipa la maji liko 15. Uwezo wa kukadiria hauongezeki. Na gunia halikufundishi mnyama aliyesimama mshazari, kwa sababu halina mbele wala nyuma.

Hatari ni ya kawaida ya mjini. Ukuta wa mawe ya matumbawe unavunja mishale na kuirudisha, kwa hiyo tundika zulia kuukuu nyuma, lining'inie huru lisiguse ukuta. Usipige kamwe kuelekea upande wenye mlango wa jirani, na usipige juu hata kwa mchezo. Mshale unaoshuka kwenye mabati ya mtu hautakuacha na upinde wala ujirani.

Sanamu ya povu

Sanamu za kulungu za povu zito ndizo watu wanazozionea wivu. Zina umbo, zina pembe, zina vivuli vya misuli, na zina kitu ambacho gunia halina: unaweza kuzigeuza. Ukiiweka mshazari, kichwa kikiwa upande wa mbali nawe, unalazimika kufikiria mshale utatokea wapi, si utaingia wapi tu. Kwa pembe hiyo unalenga nyuma zaidi ya ulivyozoea, ukiwaza mguu wa mbele wa upande wa pili. Hakuna njia nyingine inayofundisha hilo vizuri hivyo. Mtu aliyewahi kuigeuza sanamu mara nyingi humkataa mnyama aliyekaa vibaya bila kusitasita, na kukataa ni sehemu kubwa ya uwindaji wa upinde.

Hata hivyo siishauri kwa mtu mmoja mmoja wa hapa. Mzigo wake ni mkubwa, huagizwa nje, na usafiri waweza kukula zaidi ya sanamu yenyewe. Unyevu na jua la pwani havilihurumii povu. Tena duara za alama zilizochongwa ubavuni zimewekwa kwa mashindano na zina maana mnyama akiwa amekupa ubavu tu. Mpigaji akizizoea anatafuta duara badala ya kutafuta mapafu. Nimeona wapigaji wazuri sana wa sanamu ambao ukiwageuzia mnyama kidogo bado wanapiga palepale penye duara, na mshale ungeishia tumboni.

Usishawishike pia na wazo la kumwomba fundi wa vinyago wa Changamwe akuchongee kulungu wa mti. Atapendeza sebuleni. Mishale itakwisha siku ya kwanza.

Mkiwa kikundi cha watu watano au sita, hesabu inabadilika. Mnachangia, sanamu inakaa kwenye shamba la mmoja wenu, na kila wiki mmoja anaificha mahali wengine wasipopajua, nusu nyuma ya kichaka. Hapo inakuwa chombo kizuri. Kwa mtu aliye peke yake, gunia lililoshonewa shingo ya tambara na kutiwa miguu minne ya vijiti linakupa mbele na nyuma kwa bei ya uzi. Halipendezi, ila unaweza kuligeuza.

Shambani na mishale butu

Hapa ndipo mpigaji wa upinde wa jadi anapokomaa. Unatembea kwenye shamba la minazi, Mtwapa, Kikambala au upande wa Kwale, ukiwa na mishale mitatu minne yenye vichwa butu. Unaona gogo la mnazi lililooza hatua kadhaa mbele. Hujui ni mita ngapi. Unasimama, unavuta, unaachia, mshale mmoja tu. Ndipo unahesabu hatua. Unaendelea kwenye rundo la makuti makavu, kisha kichuguu laini, kisha kisiki kilicho bondeni.

Kila lengo lina umbali wake, mwanga wake, mteremko wake. Safu za minazi zina hila ya kulifupisha jicho, na ukitoka kwenye safu ukaingia uwazi, jicho linarefusha. Ukifanya hivi kusi nzima utaanza kujua mita 18 bila kuiwaza, na utajua zaidi ni wapi uwezo wako unapokoma. Hili la mwisho ndilo gunia haliwezi kukwambia, kwa kuwa gunia liko pale ulipoliweka wewe.

Kichwa butu kiwe na uzito uleule wa kigumba utakachowindia, gramu nane kwa nane, ama sivyo unajifunza mwendo wa mshale mwingine. Vya raba vinatosha. Vile vyenye vijiti vya springi vinavyokamata majani ni bora kwenye nyasi, kwani mshale haujifichi chini ya majani. Kwenye mchanga mtupu mshale huteleza na kuzama, na penye mawe ya matumbawe utavunja kila unachobeba, basi chagua shamba lenye udongo. Mshale wa kaboni ukigonga kitu kigumu uukunje kidogo na kuusikiliza kabla ya kuupiga tena. Wenye ufa hupasuka unapoachiwa na vipande vyake huingia mkononi.

Zipo adabu za shamba. Pata ruhusa ya mwenyewe, na ruhusa hiyo wafanyakazi wake waijue. Usipige mnazi ulio hai. Tundu moja utalisikia maneno yake mwaka mzima. Na tazama juu. Wagema hupanda asubuhi na jioni kushughulikia vibuyu vyao, saa zilezile ambazo wewe unazitaka kwa mwanga hafifu. Watoto hufuata nyuma wakitaka kuona, na chini ya minazi watu huokota makuti. Pasipo na mwinuko wa ardhi nyuma ya lengo, usipige.

Mwanga hafifu wenyewe unataka uzoefu. Majimbo mengi huruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Hapa kwetu magharibi huingia upesi, jua likishazama giza halikawii. Kule machweo huvuta zaidi, na mtu aliyezoea ya kwetu huanza kufungasha mapema. Ila kile kiwingu cha dakika za mwisho, ambapo doa ulilolichagua linapotea machoni na kubaki umbo tupu, utakipata Kikambala vilevile. Kikifika, usiachie. Zoea kushusha upinde.

Upepo wa kusi nao ni mwalimu. Ukiwa wazi karibu na ufuo mwezi wa saba unasukuma mshale wenye manyoya makubwa, na watu hulalamika kuwa umeharibu zoezi. Ingia ndani ya shamba unakotulia. Lakini tumia fursa hiyo kuzoea kitu kingine: kujua muda wote upepo unakupiga shavu lipi. Kulungu anategemea pua kuliko macho, na mwindaji asiyejua upepo uko wapi hatafika kwenye hatua ya kuvuta upinde.

Wanaokwenda na wenzao huwekeana dau la madafu, kila lengo mshale mmoja. Presha kidogo ya wenzio kukutazama inakaribia mapigo ya moyo ya siku yenyewe kuliko utulivu wa uani.

Juu ya paa

Nitasema machache, kwa kuwa linategemea jibu la swali moja. Mpigie mwenyeji wako: "Shikamoo ami. Tutakaa dunguni au chini?" Akisema dunguni, yaani jukwaa la mtini la mita nne na nusu hadi sita, basi huna budi kupiga kutoka juu. Akisema chini, kwenye kibanda cha kuvizia, kigoda chako na mlango wa ua vinatosha.

Nyumba zetu za paa la zege tambarare zinafaa. Weka gunia chini uani, mita 10 hadi 14 toka ukutani, na ardhi yenyewe inakuwa kinga, jambo linalofanya zoezi hili kuwa salama kuliko kupiga usawa, mradi ua uzungukwe na uwe mtupu. Wengi hupiga juu ya lengo kwa sababu wanashusha mkono peke yake. Vuta ukiwa umenyooka kama uko chini, kisha inama kiunoni. Upinde mrefu wa sentimita 170 utagonga ukingo wa paa kwa ncha ya chini. Ukiona hivyo, huo ni ujumbe wa kutafuta mfupi zaidi kwa safari hii. Mnyama akisogea karibu mno chini yako, pembe inakuwa kali na mshale huelekea kupata pafu moja tu, basi mwache atoke nje kidogo. Na vaa mkanda wa usalama hata hapo juu ya paa lako, uzoee kuvuta ukiwa umefungwa, kwani kuanguka kutoka dunguni ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa kulungu.

Wewe uchukue lipi

Anayekaa ghorofani Tudor au Kizingo bila ua hana haja ya kukata tamaa, lakini gunia litamlazimu kutafuta ua wa ndugu. Achukue gunia siku za juma, mshale mmoja au michache, na shamba mara moja kila wiki mbili. Asinunue sanamu.

Mwenye shamba, au rafiki wa mwenye shamba, aanze na gunia wiki nne za kwanza ili mkono ukae sawa, kisha aligeuze shamba liwe darasa lake kuu. Nikilazimishwa kumpa mtu njia moja tu kwa msimu wote, na tayari anajua kuvuta na kuachia, nitampa shamba. Kama bado mkono haujatulia, nitampa gunia, kwani kutembea na mkono mbovu ni kuzoea ubovu.

Kikundi kinunue sanamu kikitaka, kiitumie kwa pembe na si kwa alama.

Kwa Muislamu, na pwani ndio wengi wetu, lipo la ziada linaloathiri zoezi lenyewe. Hadithi ya Adiy bin Hatim kuhusu kuwinda inatofautisha silaha inayotoboa kwa makali na ile inayoua kwa pigo la ubavu wake: ya kwanza huliwa windo lake, ya pili ni mfu wa kupigwa. Kwa hiyo mshale butu ni wa magogo tu, hata pale sheria za jimbo zinapouruhusu kwa wanyama wadogo. Na kwa kuwa jina la Mungu hutajwa wakati wa kuachia, liingize kwenye mpangilio wako tangu Juni. Vuta, Bismillahi, achia. Usipolizoea gunia likiwa mbele yako, hutalikumbuka kulungu akiwa mbele yako. Ukimfikia bado ana uhai, mchinje, basi kisu kiwe kiunoni na si kwenye gari.

Wiki tatu za mwisho vua vichwa vya mazoezi, uvae vigumba vya kuwindia. Haviruki sawa: mabawa ya chuma hukamata hewa na kufichua kila kosa la kuachia. Usivipige kwenye gunia lako, vitalipasua. Tafuta tuta la mchanga usio na mawe, au bana maboksi makavu yaliyopangwa kwa tabaka, upige, kisha unoe upya kwa tupa. Chumvi ya hewa yetu hutia kutu chuma kilichonolewa kwa usiku mmoja, kwa hiyo pakaza mafuta kila baada ya kunoa.

Upinde wa mti mtupu nao hunywa unyevu wa pwani na kulegea ratili kadhaa. Ukifika kwenye hewa kavu na baridi ya kule utarudi kuwa mgumu na wenye kuvunjika kwa urahisi zaidi. Majimbo mengi yana kiwango cha chini cha uzito wa kuvuta, mara nyingi kati ya ratili 30 na 40, basi usisafiri na upinde ulio ukingoni mwa kiwango, na ukifika upe siku mbili tatu ndani ya nyumba kabla ya kuuvuta hadi mwisho. Ule wa kufunguka vipande vitatu huingia ndani ya sanduku la kawaida. Upinde, mishale na vigumba vyote huenda kwenye mizigo ya chini ya ndege, vigumba vikiwa ndani ya kijaluba kigumu ili mkaguzi asijikate. Uliza mapema pia kuhusu cheti cha mafunzo ya uwindaji, kwa kuwa majimbo mengi hayamwuzii leseni mwindaji mpya asiyekuwa nacho, na sehemu ya kozi huweza kusomwa mtandaoni ukiwa bado Mombasa.